Nitwishe: Juu ya Kumsaidia Mwenye Mzigo Wake



Asubuhi na mapema, katika kijiji chochote cha Unyanyembe, utamwona mwanamke amekwisha kujaza ndoo yake kisimani. Huikunja kanga kuukuu kuwa ngata, huiweka kichwani, kisha husimama akingoja. Kuichukua ndoo ile mpaka nyumbani aweza. Kuiinua peke yake mpaka kichwani hawezi bila kuyamwaga maji. Basi hupita mtu, pengine jirani, pengine mgeni asiyejulikana, naye humwambia neno moja tu: "Nitwishe." Mpita njia hushika upande mmoja, mwenye ndoo hushika upande wa pili, nayo ndoo hupanda. Kisha kila mmoja hushika njia yake.

Tazameni hekima iliyomo katika tendo hilo dogo. Mpita njia hakumnyang'anya mama yule ndoo yake akaenda nayo kwake. Hakumwambia, "Maji haya hayakufai, nitakuchagulia mengine." Wala hakumwongezea mzigo wa pili aliokuwa nao yeye. Na zaidi ya hayo, hakupita kana kwamba hakusikia. Alitoa nguvu kidogo mahali palipopungukiwa nguvu, kwa saa ile iliyohitajiwa. Na safari ikabaki kuwa ya mwenyewe, aijuaye njia ya kwake na watoto wanaomngoja.

Leo nataka tutafakari pamoja namna ya kuwasaidia watu wanaojitaabisha wenyewe kwa ajili ya afya yao na chakula chao: wanakijiji wanaojenga zahanati, kina mama wanaopima watoto, wakulima wanaohifadhi malisho na mbegu. Jambo hili limekuwa zito kwetu tangu Januari 2025, Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake kwa nchi za nje. Tarehe 1 Julai mwaka ule ule shirika lake la misaada, USAID, likakoma kazi zake. Katika nchi nyingi za Afrika, na kwetu pia, watu waliokuwa wakilipwa na miradi ile walirudi nyumbani, na wagonjwa wakabaki wakiuliza nani atawafuata sasa. Wengine walilia, wengine walikasirika. Lakini swali liwafaalo Wakristu ni hili: Msafara ukiondoka, nini hubaki kijijini?

NJIA YA WAPAGAZI

Swali hilo si geni Tabora, kwa maana mji huu ulikuzwa na misafara. Wanyamwezi walikuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu kabla wafanyabiashara wa pwani hawajazoea kupanda bara. Baadaye, katika karne ya 19, njia ile kutoka Bagamoyo ikawa kubwa: ikapita Ugogo, ikavuka pori la Mgunda Mkali, ikafika Kaze ya Unyanyembe, na kutoka hapo ikaendelea mpaka Ujiji. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Kaze Novemba. Mpagazi alichukua mzigo wa kama kilo 30, mvua na jua. Livingstone alikaa Kwihara miezi kadhaa ya mwaka 1872 akingoja wapagazi kutoka pwani, na mpaka walipofika Agosti hakuweza kuendelea na safari yake. Watu wa Ulaya waliandika vitabu vikasifiwa. Lakini aliyevuka nchi na mzigo kichwani alikuwa Mwafrika.

Tusifiche pia uovu uliopita katika njia ile ile. Wapagazi wengi walikwenda kwa hiari yao na kwa ujira. Lakini kando yao walikwenda watu waliofungwa minyororo, ambao wenyewe walifanywa kuwa mali ya kuuzwa. Njia hii imefundisha nchi yetu mambo mawili: jinsi watu huru wanavyoweza kuchukua mizigo mizito wakiimba, na jinsi mtu anavyoharibiwa anapohesabiwa kuwa kitu tu.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Misafara ikafa. Pembe zilikwisha kwenda ng'ambo, nguo zikachakaa, shanga zikakatika. Lakini miembe ipo. Yule apitaye leo Tabora, Ujiji au Bagamoyo huiona miembe mikubwa ya zamani, nao wazee husimulia kwamba wasafiri walikula maembe wakatupa kokwa njiani. Basi, kokwa halikui likawa mti kwa kutupwa tu. Hapana budi alikuwako mwenyeji aliyeuona mche, akaufukuzia mbuzi, akauacha wakati wa kulima, akawakataza watoto wasiuvunje. Mgeni alileta kokwa. Mwenyeji ndiye aliyelea mti. Kwa ajili hiyo vizazi vinakula.

MZIGO USIO NA NGATA

Si kila kilicholetwa na wageni kililelewa hivyo. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Nachingwea, na hapa kwetu Urambo. Ulaya ilikuwa imetoka vitani na ilipungukiwa na mafuta ya kula. Wakapanga kulima zaidi ya ekari milioni 3, kwa gharama ya pauni milioni 25. Wakaleta matrekta, mengine yakiwa yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Udongo haukupimwa vya kutosha, mvua haikuangaliwa, wala wenyeji hawakuulizwa. Mwanzoni mwa 1951 mradi ukakoma, na kama pauni milioni 36 zikafutwa katika vitabu. Mkulima yeyote wa Urambo angaliweza kuwaambia bure ni shamba lipi lishikalo maji na ni mwezi gani mvua hudanganya.

Lakini nisiwahukumu wengine nikajisahau mwenyewe. Nilipopewa parokia kwa mara ya kwanza, marafiki walinitumia fedha za kusaidia kijiji kimoja. Sikuita mkutano. Niliona mwenyewe kwamba watu wachota maji mbali, nikanunua mashine ya kuvuta maji, nikaibariki siku ya Jumapili, vigelegele vikapigwa. Msimu wa pili mashine ikasimama. Kipuri kilikuwa mbali, wala hakuna aliyekuwa amepangwa kukusanya fedha za mafuta. Nilipokwenda kulaumu, niliwakuta kina mama wamerudi kwenye kisima chao cha zamani. Bibi mmoja akaniambia bila hasira: "Baba, ulitutwisha kabla hatujakunja ngata."

Neno lile lilinichoma. Nikakaa chini, nikauliza kwa mara ya kwanza. Kumbe tangu zamani walitaka kisima kile kijengewe ukingo na mfuniko, maana wakati wa mvua maji machafu yaliingia na watoto wakaugua matumbo. Mawe walikuwa nayo, mchanga walikuwa nao, fundi alikuwapo. Walipungukiwa na mifuko michache ya saruji. Mashine yangu ilikuwa imemeza fedha ambazo zingalijenga visima kadhaa vya namna ile. Tulitafuta saruji, wao wakajenga, nacho kisima kikafunikwa.

Naleta habari hii kwa sababu najua mapadre wenzangu, masista, wenyeviti wa vijiji, na hata watoto waliofanikiwa mijini wakirudi kwao kutoa zawadi, twaweza kufanya kosa la Urambo kwa kipimo kidogo. Moyo mwema hauondoi wajibu wa kuuliza.

Hata miradi iliyopangwa kwa uangalifu mkubwa imetufundisha unyenyekevu. Kati ya mwaka 2006 na 2015, Mbola, katika Wilaya ya Uyui, ilikuwa mojawapo ya mahali 10 palipochaguliwa katika nchi 10 za Afrika kwa mradi wa Vijiji vya Milenia. Ililetwa mbolea, mbegu bora za mahindi, vyandarua, na huduma za zahanati na shule. Tathmini ya mahali pote 10, iliyotolewa mwaka 2018, iliangalia mambo 40, ikaona nafuu ya kweli katika 30, hasa katika kilimo na afya. Hilo si jambo la kudharau. Kuna watoto wanaoishi kwa sababu ya vyandarua. Hata hivyo, malengo yaliyotimia yalikuwa kama theluthi moja, na umaskini wa nyumbani, ukipimwa kwa matumizi ya kaya, haukuonekana kupungua kwa sababu ya mradi. Mzigo uliinuliwa vizuri. Mwendo uliobaki ni mrefu, nao ni wa wenyeji.

"MNA MIKATE MINGAPI?"

Bwana wetu alipowaona watu wenye njaa nyikani, mitume walitaka awaage waende kujinunulia chakula. Yeye alikataa. Kabla ya kufanya mwujiza aliwatuma kwanza wakaangalie watu wana nini. Walikuta mikate mitano na samaki wawili. Yohane atuambia kwamba vilikuwa vya mtoto. Kisha akawaketisha makundi makundi, ya watu mia na ya watu hamsini. Msaada wa Mungu ulipita katika kile kilichokuwapo, ukapita katika makundi ya watu waliokaa pamoja, na mwisho mabaki yakakusanywa yasipotee. Aliyeweza kuumba mkate kutoka hewani aliona vema kuanza na kapu la mtoto.

Nchi yetu imeona mambo ya namna hiyo. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu kama milioni 2 walikusanyika katika vikundi vijijini, wakasikiliza redio pamoja, wakasoma kijitabu, wakazungumza juu ya malaria, kichocho, safura na kuhara damu. Kisha kikundi kikaondoka kwenda kufanya kazi: kuchimba vyoo, kufyeka nyasi, kufukia madimbwi. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Redio ilikuwa ya Serikali na fedha nyingine zilitoka nje. Jembe lilikuwa la mwanakijiji.

Iringa nayo ilitoa mfano uliokwenda kusomwa na mataifa. Kuanzia mwaka 1983, katika vijiji 168, wanakijiji wenyewe walipima uzito wa watoto wao kila miezi mitatu, wakapeleka habari kwa viongozi wa kijiji, wakaulizana: kwa nini mtoto huyu amepungua? Mara nyingi jibu halikuwa ukosefu wa chakula peke yake. Mama alikuwa shambani kutwa, na mtoto alikula mara mbili tu kwa siku. Basi wakaanzisha mahali pa kulishia watoto mchana, wakajifunza kutia kimea katika uji uwe mwepesi na wenye nguvu. Katika miaka mitano, watoto waliodhoofika vibaya walipungua kutoka 6.3 hata 1.8 katika kila 100. Umoja wa Mataifa ulisaidia, na fedha zilitoka Italia. Lakini mizani ilishikwa na mikono ya kijijini, na swali liliulizwa katika baraza la kijiji.

Tena tazameni jirani zetu wa Shinyanga. Miti yao ilikuwa imekatwa kwa miaka mingi, kwanza ili kuwafukuza mbung'o, kisha kwa ajili ya pamba, ng'ombe na kuni. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga. Badala ya kutegemea miche ya kigeni peke yake, wataalamu waligeukia desturi ya Wasukuma iitwayo ngitili: kulifunga eneo la malisho wakati wa mvua, nyasi na miti vipone, kisha kulifungua kiangazi kikali kwa ajili ya ndama na maksai. Wakati ule ngitili zilizoandikwa zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimezidi hekta 300,000. Zikarudi kuni, dawa za miti, asali na matunda ya porini. Hakuna mgeni aliyeileta ngitili. Wageni walifanya jambo moja jema: waliuliza, wakasikia, wakasaidia kuinua.

TELE KWA TELE

Mkoa wetu wenyewe una historia ambayo vijana wengi hawaijui. Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa kwanza Igunga, mwaka 1996, kabla ya kuwekewa sheria ya nchi mwaka 2001. Kila kaya ilitoa shilingi 5,000 kwa mwaka ili watu wake watibiwe katika zahanati yao. Na kwa kila shilingi iliyochangwa na wananchi, iliongezwa shilingi nyingine kama hiyo kutoka juu. Mpango huo wa kuongeza uliitwa Tele kwa Tele. Nani angaliweza kueleza vizuri zaidi maana ya kutwishana? Mwenye ndoo ashike upande wake, na mpita njia ashike upande wake.

Hata hivyo tuseme kweli yote. Baadaye watu wengi waliacha kulipa. Sababu kubwa ilijulikana kwa kila mama: alikwenda zahanati na kadi yake, akaambiwa dawa hazipo, akanunue dukani. Mwaka wa pili hakutoa tena, na nani atamlaumu? Mradi wa wananchi hauuawi na umaskini wao tu. Huuawa upesi zaidi na ahadi isiyotimizwa. Ukimwambia mtu ashike upande wake wa ndoo, nawe ukauachilia upande wako njiani, maji humwagika juu yake, si juu yako.

Hapa namkumbuka Msamaria mwema. Husifiwa kwa huruma yake, nasi husahau akili yake. Hakumchukua majeruhi mpaka Samaria. Alimpeleka kwenye nyumba ya wageni iliyokuwapo njiani, kwa mtu akaaye pale pale. Akampa mwenye nyumba dinari mbili, akamwambia aendelee kumtunza, na kwamba akirudi atalipa kilichozidi. Katika habari hiyo mna fedha, mna mwenyeji aliyeaminiwa, mna hesabu, na mna mtu anayerudi. Misaada mingi ina fedha; michache ina mtu anayerudi kuuliza majeruhi anaendeleaje.

MIZIGO MIWILI YA MTUME PAULO

Wapo watakaosikia maneno haya wakafurahi kwa sababu mbaya. Watasema: "Vema, basi kila kijiji kijitegemee, nasi tusiombwe kitu." Sivyo. Methali yetu yawashtaki watu hao: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa yule asiyeubeba, kila mzigo ni mwepesi.

Mtume Paulo, katika sura ya sita ya waraka kwa Wagalatia, asema maneno mawili yanayoonekana kupingana. Katika aya ya pili ataka tusaidiane kuchukua mizigo, maana ndiyo sheria ya Kristu. Katika aya ya tano asema kila mtu atauchukua mzigo wake mwenyewe. Lakini katika Kigiriki chake ametumia maneno mawili. La kwanza ni uzito umlemeao mtu hata kumwangusha. La pili ni furushi la safari, lile ambalo kila msafiri hulibeba la kwake.

Basi, kufagia kisima, kuchimba choo, kumpeleka mtoto kupimwa, kuweka akiba ya mahindi na michembe kabla ya njaa: hayo ni mafurushi yetu, na tukingoja mfadhili ayabebe tumejidharau wenyewe. Lakini dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, upasuaji wa mama aliyeshindwa kujifungua, mashine za maabara, mishahara ya waganga na wauguzi: hayo ni uzito usioweza kuinuliwa na kijiji peke yake hata kikijikaza namna gani. Hapo Serikali yetu ina wajibu, mataifa tajiri yana wajibu, na Kanisa lina wajibu. Baba Mtakatifu Pius wa Kumi na Moja alifundisha mwaka 1931 kwamba ni kosa kuzinyang'anya jumuiya ndogo kazi zinazoweza kuzifanya zenyewe, na kwamba kazi ya jumuiya iliyo kubwa ni kuzisaidia. Hakufundisha kwamba mkubwa akae mbali akiangalia.

YATUPASA KUFANYA NINI

Uchunguzi wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Tanzania watoto 30 katika kila 100 walio chini ya umri wa miaka mitano wamedumaa. Hao si hesabu ya vitabuni tu; wamo katika nyumba zetu na wanabatizwa katika makanisa yetu. Mimi naziomba familia za Kikatoliki mambo manne.

La kwanza, tuulize kabla ya kutoa. Jumuiya zetu Ndogo Ndogo za Kikristu hukutana kila juma. Baada ya sala na Neno la Mungu, iulizwe: Katika nyumba zetu hizi, mtoto gani hakui vizuri? Mgonjwa gani amekosa mtu wa kumfuatia dawa? Sisi tuna nini mkononi, na kinachopungua ni nini hasa? Jumuiya iliyojibu maswali hayo imekwisha kukunja ngata. Mchango wa parokia, au wa rafiki wa mbali, upelekwe kwanza kwa watu wa namna hiyo.

La pili, wanaopokea wajikaze. Wazee walisema, Mbebwa hujikaza. Tena walisema, Mali bila daftari huisha bila habari. Kikundi chochote kiandike kilichoingia na kilichotoka, na daftari lisomwe mbele ya watu wote, hata mbele ya wale wasiojua kusoma. Mtu alaye fedha za dawa za watoto asijidanganye kwamba amemwibia mfadhili wa ng'ambo. Amemwibia mtoto, na Mungu wa mtoto yule amwona.

La tatu, tuwaamini na kuwatunza watu wakaao pale pale. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwafunza wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Wahudumu hao watakuwa jirani zetu. Tusiwacheke kwamba si madaktari. Wakristu wa magharibi wamkumbuke Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akaibwa na kuuzwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na mapadre, na Kardinali Lavigerie akampeleka Malta kusomea utabibu. Alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889. Hakuondoka. Aliwatibu watu na kuwafundisha dini zaidi ya miaka 65, mpaka alipofariki mwaka 1956. Misafara mingapi ilipita katika miaka ile! Yule aliyekuwa amefanywa mzigo akawa mwinuaji wa mizigo ya wengine. Anayemsomesha kijana mmoja wa kijijini uuguzi, ukunga au ubwana shamba, naye akarudi kwao, amefanya zaidi ya yule aliyepeleka masanduku kumi na kupiga picha.

La nne, aliyeahidi na arudi. Ewe uliyefanikiwa Dar es Salaam, Mwanza au ng'ambo, ukiwa umechanga kwa ajili ya zahanati ya kwenu, rudi baada ya mwaka mmoja, si kupewa kiti cha mbele, bali kuuliza kama dawa zipo. Nanyi viongozi, wananchi wakijenga boma la zahanati mpaka kwenye linta kwa mikono yao, msiliache lisimame bila paa mpaka lianguke. Kila boma la namna hiyo ni mwanamke aliyesimama kisimani, ngata i kichwani, akingoja.

Mwisho, asiwepo mtu anayeona haya kusema "Nitwishe." Bwana wetu Yesu Kristu, katika njia ya Kalvari, hakumkataa Simoni wa Kirene, mtu wa Afrika aliyekuwa akitoka shamba. Mpita njia yule alitwishwa msalaba asiyoutafuta, naye Mkombozi akakubali kusaidiwa na mkono wa mkulima. Hata hivyo msalaba ulibaki kuwa wa Bwana. Juu yake alikufa yeye, na kwa huo alituokoa. Ikiwa Mwana wa Mungu alipokea msaada wa mpita njia, sisi ni nani hata tujione hatuhitaji? Na ikiwa mkulima wa Kirene alimsaidia Mungu kubeba, sisi ni nani hata tupite upande wa pili?

Kesho asubuhi, mahali fulani katika njia hii ya zamani ya wapagazi, mtu atasimama na ndoo iliyojaa. Mungu atujalie masikio ya kumsikia, mikono ya kuinua, na adabu ya kumwacha aende kwake na maji yake.

Amina.